Chungu cha Maharage na Baiskeli ya Baba

Jumatatu, 7 Julai 2025

Naanza kuandika leo. Kitabu hiki nimepewa na mwenye duka la pembejeo. Ni cha mwaka juzi, tarehe na siku hazikubaliani, kwa hiyo nimekata siku zote kwa kalamu nikaandika zangu. Darasa la nne nililoishia linatosha kwa kazi hiyo.

Habari mbaya. Nimetoka Kanazi, nimelala huko siku mbili kuuza maparachichi (nusu nimeuza, nusu nimekula), nafika nyumbani hapa Bukiriro, ukutani hakuna baiskeli. Ile ya marehemu baba! Imebaki alama ya usukani kwenye udongo, kama pembe za ng'ombe. Nikapiga yowe la wezi. Majirani wakaja na fimbo. Mama akatoka jikoni akawaambia warudi kwao, hakuna mwizi, ameitoa yeye mwenyewe kigangoni jana, sadaka ya mavuno. Maharage yetu yameungua na jua na yeye hawezi kwenda mbele ya altare akipunga mikono.

Nikamwambia ile ni baiskeli ya baba. Akasema anajua, yeye alipanda keria yake kabla mimi sijafikiriwa. Akasema imekaa ukutani miaka sita ikisubiri niitie mnyororo na kila mwaka nasema mwezi ujao.

Nikala ndizi.

Jioni nimekaa naangalia ile alama. Siku za soko baba alikuwa ananipakia juu ya gunia, naambiwa nishike kamba, si yeye, maana yeye anatekenyeka. Tulikuwa tunashuka kwenda Kanazi hatuna breki. Breki ilikuwa kiatu chake cha kulia. Ndiyo maana viatu vyake vyote vilikuwa vizima mguu mmoja.

Jumanne, 8 Julai

Nimekwenda kwa katekista Xavery kuikomboa. Shikamoo. Marahaba. Nikamwambia naleta kuku wawili, anipe baiskeli, Mungu hatajali. Akasema sadaka hairudi nyumbani. Ila haitapigwa mnada, maana mwaka jana walinadi kiti cha miguu mitatu hadi jua likazama na hakuna aliyetaka. Safari hii itakuwa zawadi ya mchezo. Mchezo kautunga Mwalimu Priscila, yule wa hesabu sekondari.

Mchezo wenyewe: kuna chungu kikubwa, kile cha shingo nyembamba walichokuwa wanatilia rubisi, pombe ya ndizi, enzi zile. Katekista amekijaza maharage ya sadaka, vikombe vidogo vya kahawa themanini. Anasema alimimina kadiri watu walivyofika, wa bondeni kwanza maana wana saa, wa mlimani mwisho. Hadithi ndefu, sikuisikiliza. Swali: mna punje ngapi? Kila mtu wa nyumba iliyotoa sadaka anachota kikombe kimoja tu, anahesabu, anarudisha. Jumapili ya tarehe ishirini kila mtu anataja jibu lake, kisha maharage yanamwagwa na kuhesabiwa.

Na jibu si namba moja. Unasema kuanzia ngapi mpaka ngapi. Idadi ya kweli ikiwa ndani ya nafasi yako, umo. Mkiwa wengi mliomo, mwenye nafasi nyembamba ndiye mshindi.

Nikacheka njia nzima moyoni. Nikamfuata Mwalimu Priscila shuleni nikamwambia ninalo jibu: kuanzia punje moja mpaka milioni. Akasema hongera, hutakosea kamwe, na utakuwa wa mwisho. Akasema mtu anayesema mvua itanyesha kati ya leo na mwisho wa dunia hajadanganya, lakini nani aanike nguo kwa maneno yake?

Mwanamke huyu ana ulimi.

Jambo baya zaidi nililiona kabla sijatoka kigangoni. Novatus, mnoa visu, alikuwa amechuchumaa mbele ya baiskeli ya baba anazungusha gurudumu la nyuma kwa kidole. Nikamuuliza anataka nini. Akasema fremu bado ngumu, akishinda ataikata keria, atafunga jiwe la kunolea, atakaa juu yake anapiga pedali mpaka uzee.

Aikate keria! Keria ile baba aliiongezea nondo mbili kwa fundi wa Kanazi, akamlipa gunia zima la ndizi mbivu. Mimi nilikuwepo. Nilikula za pembeni.

Jumapili, 13 Julai

Siku ya kuchota. Nimetumia akili.

Nimechota wa kwanza. Maharage makubwa ya njano, mazuri, yanang'aa. Punje 158. Nikatoa simu, mara themanini: 12,640. Basi, kazi imekwisha, nikasema. Halafu Novatus akachota chake. Punje 171. Nikamwambia amehesabu vibaya. Tukarudia pamoja. 171. Mama Esperansia, jirani yetu, akachota: 149. Chungu kilekile, kikombe kilekile!

Nikamwuliza Mwalimu Priscila chungu kinatuchezea au vipi. Akasema ndivyo kilivyo. Kila kikombe kinasema ukweli kidogo na uongo kidogo, hakuna viwili vinavyolingana. Ndiyo sababu ya kuacha nafasi. Ila ukivipata vikombe vingi ukavichanganya, wastani wake hauyumbi sana kama kikombe kimoja.

Vikombe vingi! Lakini sheria ni kimoja kwa mtu. Hapo ndipo akili. Nikajitolea kuwasaidia wazee kuhesabu. Shikamoo bibi, lete nikuhesabie, macho yako yapumzike. Katekista Xavery akanisifu mbele za watu, akasema Roho kashuka juu ya Kazimili. Nimewahesabia wote niliowapata, kila hesabu naificha kichwani, nakimbia nyuma ya kanisa naiandika mkononi. Nimerudi nyumbani mkono mzima una wino. Vikombe tisa. Wastani 160. Mara themanini, 12,800.

Mama hakuchota. Alisema kiuno.

Novatus hakuhesabu chochote baada ya chake. Nilimwuliza atasema ngapi. Akasema elfu kumi mpaka elfu thelathini, kisha akaenda kulala. Huyo ndiye mshindani wangu. Mtu wa kuacha nafasi ya kugeuzia lori.

Jumatatu, 14 Julai

Nimempelekea Mwalimu Priscila wastani wangu. Akauliza vikombe tisa nimevipataje na mimi nina kimoja. Nikamwonyesha mkono. Akacheka mpaka akaweka chaki chini.

Kisha nikamwuliza, nikisema 12,700 mpaka 12,900, nitakuwa na hakika? Akasema hakika hiyo ni ya watu wawili tu, Mungu na mlevi. Akachora ubaoni. Akasema tuseme kila Jumapili unacheza mchezo huu na chungu kipya, na kila mara unapima na kuacha nafasi kwa njia nzuri ileile. Katika Jumapili ishirini, kumi na tisa hivi idadi ya kweli itakuwa ndani ya nafasi yako. Moja itakuwa nje.

Nikamwuliza hiyo moja ni Jumapili ya ngapi, nisije.

Akasema hakuna ajuaye. Hilo ndilo jambo lenyewe, Kazimili. Unaweza kuiamini njia yako, lakini hii Jumapili moja iliyo mbele yako huwezi kuiapia. Ukitaka ukosee mara chache zaidi, panua. Ukibana, unakosea mara nyingi. Vyote viwili kwa pamoja hupati, labda uchote zaidi.

Nimetoka pale nimeelewa kabisa: nibane.

Jumatano, 16 Julai

Biashara. Nimeuza wastani.

Mama Esperansia alikuja kuuliza mimi nasema ngapi. Nikamwambia habari kama hiyo haitoki bure. Mayai sita. Nikamnong'oneza elfu kumi na mbili mia nane, aache nafasi kidogo apendavyo. Kabla ya jua kukaa utosini shoga zake wanne wamekuja na mayai. Nimewaapisha kila mmoja asimwambie mwingine. Wamekaa pamoja chini ya mparachichi wangu wanaambiana.

Sijali. Wote wataacha nafasi pana kwa woga. Mimi nyembamba.

Nimekaanga mayai manane. Zamani mayai yalikuwa ya wageni tu. Baba akiyataka alikuwa anajifanya mgeni: anatoka mlango wa nyuma, anazunguka, anabisha hodi mbele, mama anamkaribisha kwa jina la uongo na kumkaangia. Sisi watoto tulikuwa tunamwamkia huyo mgeni shikamoo, yeye anatuuliza wazazi wetu wako wapi. Baba kaenda soko, tunamwambia. Anasema mtu mzuri sana huyo, nasikia ana sura nzuri.

Alhamisi, 17 Julai

Jikoni upepo ulikuwa unapiga dirisha. Mama akaniambia nilifunge na bambo. Nikachukua kile chuma kinachokaa pale siku zote, nikakichomeka. Kisha mkono wangu ukakumbuka kabla ya kichwa.

Bambo la baba! Kile kichuma cha ncha kali chenye mfereji, cha kuchomea gunia kutazama kilichomo bila kulifungua. Alikuwa anakifunga kwenye bomba la juu la baiskeli, mimi najigonga goti. Baba alinunua maharage kutoka huku mpaka Biharamulo, kule Nyantakara walimjua kwa kengele, na hakununua gunia hata moja bila bambo.

Nikamwambia mama kwa majivuno habari ya vikombe vyangu tisa. Aliendelea kupepeta mtama. Akauliza wote tisa walichotea wapi. Nikasema kwenye chungu, wapi tena. Akasema wapi kwenye chungu. Nikasema juu, chungu kina shingo nyembamba, mkono hauingii.

Akatua ungo.

"Basi una kikombe kimoja, umekirudia mara tisa," akasema.

Nikabisha kwamba Mwalimu mwenyewe kasema vingi ni bora. Mama akasema hajui alivyosema Mwalimu, anajua alivyosema baba yangu: gunia lina shati na lina suruali. Wauzaji wanalivalisha shati zuri juu, chini uchi. Ukichoma juu mara mia unalijua shati tu. Baba alichoma mara tatu, juu, katikati, chini. Anaingiza bambo kifudifudi lisimeze njiani, akifika kina anachotaka analigeuza, ndipo linajaa.

Nikaona mara moja uso wa katekista, na hadithi yake ndefu. Wa bondeni walifika kwanza. Bondeni wanalima nini? Yale madogo mekundu! Wa mlimani wenye ya njano makubwa walifika mwisho. Chungu chote kimevaa shati la njano! Na madogo yanaingia mengi kwenye kikombe.

Nikayatazama maganda ya mayai pembeni ya jiko.

Mama alikuwa bado anazungumza habari za baba. Akasema watu walimcheka kwa sababu hakuwahi kutaja namba moja. Gunia hili kilo ngapi, Mzee Erasmus? Kati ya tisini na tano na mia na tano. Utarudi saa ngapi? Kati ya jua kuinama na taa kuwashwa. Na alikuwa anarudi humo humo, kengele inalia pale kwenye kona, mimi nakimbia. Hata alipopelekwa hospitali, mama alimwuliza atarudi lini. Akasema kati ya Jumapili na Jumapili.

Alirudi Alhamisi, kwenye gari la hospitali, amefunikwa.

"Baba yako hakuwahi kunidanganya," mama akasema. "Alikuwa anaacha nafasi."

Akachukua ungo akaendelea. Mimi nikashikashika dirisha, ingawa lilikuwa limeshafungwa.

Ijumaa, 18 Julai

Nimekwenda kwa Mwalimu Priscila kuuliza kama bambo linaruhusiwa. Akasema sheria inataja kikombe kimoja tu, haitaji kinajazwaje, lakini mimi kikombe changu nimeshakitumia. Ambaye hajachota ana mpaka kesho. Nikamwuliza alijua kwamba sote tunalamba juu? Akaangalia dirishani. Akasema yeye ni mwalimu, si mpelelezi.

Ambaye hajachota! Nikakimbia nyumbani. Nikamwambia mama kiuno chake kimepona. Akakataa. Nikamwambia Novatus atakata keria. Akaenda kuvaa kitenge cha kanisani.

Mama alilishika bambo mwenyewe. Mimi nilitaka kulishika, akanipiga nalo kidogo kwenye vidole. Akachoma juu, akageuza, akatoa: ya njano. Katikati: mchanganyiko. Chini kabisa, mpaka ngumi yake ikagusa shingo ya chungu: madogo, mekundu kama shanga. Akarudia hivyo, kiasi kilekile kila kina, mpaka kikombe kikajaa. Mkono wake ulikuwa unageuka vilevile kama wa baba, ule mzunguko mmoja wa taratibu. Sikujua kama aliwahi kumtazama kiasi hicho. Katekista Xavery naye alikuwa ameshika kofia. Akasema sauti ya punje kwenye chuma hajaisikia tangu Mzee aondoke.

Punje 226. Mara themanini, 18,080!

Kumbe tofauti yote hiyo. Wote wamekwenda na elfu kumi na mbili. Jumapili tutakuwa wawili tu duniani tunaojua, mimi na mama.

Nilitaka kwenda kuwaambia kina Mama Esperansia kwamba wastani niliowauzia ni wa shati. Lakini jua lilikuwa kali, na mayai nimeshakula.

Jumamosi, 19 Julai

Ugomvi mdogo nyumbani. Mama anasema atataja elfu kumi na sita mpaka elfu ishirini. Nimemwambia mama, punje elfu nne hizo, utashindwa kwa upana. Akasema kikombe ni kimoja, hata kiwe cha bambo, na yeye haoni mpaka ndani ya kila punje. Nikamwuliza angalau abane kidogo. Akasema ataacha nafasi kama ya baba yangu.

Sawa. Mama ni wa zamani. Mimi nimeongea na mwalimu. Nyembamba ndiyo inashinda. Nimeandika 18,070 mpaka 18,090. Nimeacha punje kumi kila upande kwa heshima.

Mchana nimesafisha ule ukuta, nimepima mahali pa kuegemeza. Nimekwenda pia kuangalia bei ya mnyororo. Nimeangalia tu.

Jumapili, 20 Julai

Naandika kabla sijavua viatu.

Baada ya ibada tulitaja majibu nje, kando ya baiskeli. Mama Esperansia na shoga zake wakasimama mmoja mmoja, kila mmoja elfu kumi na mbili na kitu, mpaka elfu kumi na tatu na kitu. Wengine wote hukohuko. Novatus akapiga miayo, elfu kumi mpaka elfu thelathini. Watu wakacheka. Mama, elfu kumi na sita mpaka elfu ishirini. Minong'ono. Kisha mimi nikasimama nikataja yangu polepole, kama mtu anayesoma wosia. Novatus akaniuliza kwa sauti kama nimeyazaa mimi hayo maharage.

Katekista akapindua chungu kwenye turubai. Ya njano yakamwagika kwanza, halafu, kama nilivyojua, mekundu, mekundu, mekundu. Nilisikia wanawake wa mayai wakivuta pumzi wote pamoja. Nikatazama juu kama anayesali.

Watoto wa mafundisho wakahesabu kwa mafungu ya mia, wakayapanga kwenye mabenchi. Nilikuwa nakwenda na wao, benchi kwa benchi. Elfu kumi. Elfu kumi na tatu, Mama Esperansia akaketi. Elfu kumi na sita. Elfu kumi na saba. Turubai linaanza kuonekana. Nikayahesabu yaliyobaki kwa macho, nikaona kabisa ushindi ni wangu. Nikashika usukani wa baiskeli, ulikuwa wa moto kwa jua, vilevile kama zamani.

Mwalimu Priscila akatangaza: 17,964.

Punje 106 chini ya mpaka wangu! Nikasema haiwezekani. Nikaangalia chini ya mabenchi. Nikaangalia mifuko ya watoto. Ndipo nikamwona kuku wa katekista, yule mweusi, anatembea pembeni ya turubai amebeba kifua kama mwenyekiti wa kijiji. Nikasema ndiye! Amekula punje zangu. Nikaomba achinjwe pale pale, gole lake lipasuliwe, zihesabiwe.

Katekista akasema huyo kuku anatotoa. Watu walikuwa wanacheka mpaka mzee mmoja wa mlimani akapaliwa. Mwalimu Priscila peke yake alinijibu kwa utulivu.

"Tuseme amekula, Kazimili. Basi ulipaswa kuacha nafasi ya kuku."

Mshindi, akasema, tuangalie waliomo. Waliomo ni wawili. Novatus, upana elfu ishirini. Mama Adelfina, upana elfu nne. Mshindi Mama Adelfina.

Mama yangu ameshinda baiskeli yake mwenyewe.

Kama ningesema tu elfu kumi na saba na nusu mpaka elfu kumi na nane na nusu, ningempita. Nimelifikiria hilo njia nzima. Novatus alikuja kumpa mama mkono, akasema hata hivyo jiwe la kunolea ni zito kwa fremu ya zamani. Alikuwa anasema uongo, lakini wa heshima.

Mama akasema nisukume, yeye atembee. Tumepanda taratibu, mnyororo hakuna, gurudumu linalia. Tulipofika kwenye kona, pale pale, mama akanyoosha mkono akapiga kengele. Ilikuwa na kutu, ikatoa nusu ya sauti. Nikasimama. Nikawa nasubiri mtu atoke nyumbani mbio. Hakutoka mtu. Aliyekuwa anakimbia zamani ni mimi, na mimi nilikuwa nasukuma.

Mama akapiga tena.

Jumatatu, 21 Julai

Wanawake watano wamekuja kudai mayai. Nimewaambia wastani ulikuwa sahihi kabisa, kwa upande wa juu. Mama amewapa kuku wangu wawili, wale niliotaka kumpa katekista. Kwa hiyo wametoka kwangu hata hivyo.

Nimetia mnyororo. Kweli! Novatus alikuja na mafuta na spana bila kuitwa. Tumeimaliza jioni. Nilipanda mpaka kwenye kona na kurudi. Breki hazipo. Nimetumia kiatu cha kulia.

Jumatano, 23 Julai

Siku njema. Mama amekwenda jumuiya kwa baiskeli, mimi namsukuma mlimani, bondeni anajishukia mwenyewe na kitenge kinapepea. Nilimwuliza anarudi saa ngapi nimfuate. Akasema kati ya saa tisa na saa kumi na moja. Alifika saa kumi na nusu.

Nilipokuwa nasubiri nilipita kwa Novatus. Nguruwe wake anakaribia kuzaa. Amelala bandani kama gunia la mkaa. Tukabishana atazaa wangapi. Novatus akasema kati ya saba na kumi na tano. Nikamcheka. Nikamwambia baada ya yote tuliyoyaona kigangoni bado unaongea kama lori? Kumi na mmoja. Akaniuliza kwa upole kama sitaki kuacha nafasi, hata ya mtoto mmoja huku na mmoja huku. Nikasema nafasi ni ya wasiojua.

Akasema tuwekeane basi. Yeye ameweka watoto wawili, nijichagulie. Mimi nimeweka baiskeli.

Mama sijamwambia. Hakuna haja ya kumsumbua. Nguruwe nimemkagua mwenyewe muda mrefu na kwa makini sana, nimesimama kwenye ndoo, kutoka juu ya ukuta wa banda.